Singa za mkonge badala ya mati ya kioo: zinachomoka kwenye rezini, dawa yake nini?

fundi_gofu

Wakuu salama? Mi ni fundi wa fiba hapa Tanga mjini, upande wa Gofu, natengeneza madigadi na dashibodi za bajaji, makava ya ndani ya milango, na mara mojamoja napata tenda ya bampa la Coaster. Kazi ni ileile mnayoijua, moldi, waksi, jelkoti (lile tabaka la uso), mati ya kioo, rezini ya poliesta na hadina ya kuigandisha, unapiga rola unasubiri. Sasa mati inatoka nje na bei kila ukienda dukani ni mpya, halafu kuna ule muwasho, ukikata mati mchana usiku hulali. Nikawa najiuliza mtu unakaaje Tanga, mkonge umekuzunguka kuanzia Pongwe mpaka kule Korogwe, af unanunua nyuzi za kioo kutoka ng'ambo?

Basi nikachukua magunia ya katani pale Ngamiani, mengine nikayalaza hivohivo kwenye moldi, mengine nikayafumua nikakata nyuzi nikazitawanya, nikamwaga rezini. Kwa macho kitu kilitoka kizuri tu. Shida ni mbili. Ya kwanza, kava likivunjika ukiangalia pale kwenye mvunjiko singa zimechomoka nzimanzima, safi, hazina hata chembe ya rezini, yani kama zimepakwa mafuta, na upande wa pili yamebaki matundu. Ya kioo haivunjiki hivo, inakatika ikiwa imeng'ang'aniana. Ya pili, kava moja lilikaa nje kipindi cha vuli, kingo zikavimba likapinda, sasa hivi tundu za skrubu hazikutani tena na za bodi.

Naomba mwenye ujuzi anisaidie, kuna dawa ya kuzifanya zishike? Na je zinaweza kufikia nguvu ya kioo au naota?

mzee_wa_korona

Mwanangu, siyo kama zimepakwa mafuta. Zimepakwa mafuta.

Mimi nimestaafu kiwanda cha kusokota. Nyuzi ya gunia au ya kamba haisokotwi kavu, singa zinanyunyiziwa mafuta zinapoingia kwenye mashine za kuchana ili zilainike zisikatike, na mafuta hayo yanabaki humohumo mpaka gunia linafika dukani. Umemwaga rezini juu ya mafuta, itashika wapi?

Na hata ungeyatoa, nyuzi ya gunia imesokotwa, rezini inazunguka nje tu, katikati ya msokoto panabaki pakavu. Tena singa iliyosokotwa imelala mshazari, ukiivuta inajinyoosha kwanza ndipo ibebe mzigo. Wewe unataka singa iliyonyooka, ambayo haijaona msokoto wala mafuta, na hiyo utaipata shambani kwenye korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge itoe singa, siyo Ngamiani.

Ukifika huko usichukue tu kwa kuwa ni bei nzuri. Jani likikatwa linatakiwa liingie korona mapema, likilala siku mbili tatu utomvu unakauka na nyama ya jani inagandia singa, hapo hata uoshe vipi haitoki. Shika mkungu wa singa mkononi, ulete juani: nzuri ni nyeupe inayovutia njano kidogo, ina mng'ao, ukipitisha vidole kutoka kichwani hadi mkiani havikwami kwenye vipande vya maganda. Yenye madoa ya kijani au ya kahawia iache. Omba iliyokwisha anikwa kwenye nyaya na kupita brashi, urefu wake mita moja hivi. Zile fupi zinazodondoka chini ya brashi ni rahisi zaidi na kwa kutawanya kwenye moldi zinafaa, ila zina vumbi jingi, utaosha mpaka uchoke.

Jani la mkonge karibu lote ni maji na nyama, singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake, kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia usinung'unike sana. Mjerumani Hindorf alileta miche mwaka 1893, iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani, na ndiyo iliyozaa mashamba yote haya. Tangu hapo tunafunga singa kwenye marobota tunapeleka nje, halafu tunanunua kioo. Niishie hapa nisije nikauharibu uzi wa kijana.

kemia_chumbageni

Mzee kamaliza nusu ya kazi. Nusu nyingine ni hii, hata singa safi isiyo na mafuta bado haipatani na poliesta, sababu singa inapenda maji na rezini haiyapendi. Singa ni selulosi, kama theluthi mbili hivi, iliyobaki ni hemiselulosi na lignini (vinavyoigandisha pamoja) na nta kidogo kwa nje. Selulosi na hemiselulosi zimejaa vishikio vya maji, ndo maana singa ukiiacha hewani hapa pwani inanyonya unyevu mpaka kama asilimia 10 na ushee ya uzito wake hata kama ukiishika unaona kavu. Ukiizamisha kwenye rezini na unyevu huo, maji yanageuka vipovu na rezini inayoigusa haikauki sawasawa. Kwaiyo matundu na kuvimba, vyote viwili ugonjwa wako ni mmoja.

Dawa ya bei nafuu inayotumika kote ni kostiki soda, hiyohiyo ya watengeneza sabuni. Inakula nta, hemiselulosi na sehemu ya lignini, uso wa singa unabaki na mikwaruzo na inachanika kuwa nyuzi ndogondogo, rezini inapata pa kung'ang'ania. Kipimo ni asilimia 5, yani gramu 50 kwa lita ya maji, na maji yawe mengi, lita 20 kwa kilo moja ya singa, kwa hiyo kilo ya singa itakula kilo ya kostiki. Loweka masaa mawili, ukizidi sana manne, maji ya kawaida bila moto. Usijifanye fundi ukapandisha dozi eti ishike zaidi, ikiwa kali au ikikaa mno inaanza kuila selulosi yenyewe na singa inakuwa dhaifu kuliko ulivyoianza. Hapo ndipo wengi wanaharibu af wanasema mkonge haufai.

Ukitoa, osha kwa maji ya bomba mara nyingi mpaka ule utelezi uishe vidoleni, osha ya mwisho tia siki kidogo iue kostiki iliyobaki, suuza tena. Anika juani mpaka ikauke, af siku ya kazi yenyewe iingize kwenye oveni nyuzi 80 kwa masaa machache na itoke hapo iende moja kwa moja kwenye moldi. Usiikaushe leo ukaitumia kesho kutwa, na hewa hii ya bahari itakuwa imeshakunywa maji yake tena.

Kuna dawa nyingine kali zaidi zinaitwa sileni, upande mmoja zinashika selulosi upande wa pili zinashika rezini, matokeo yake mazuri hasa kwenye unyevu, ila kuzipata huku ni mtihani. Anza na kostiki.

Swali lako la nguvu. Singa moja ukiivuta inakatika kwenye megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 400 mpaka 700 hivi, kioo ni 2000 kwenda juu. Ugumu wa singa ni gigapaskali 9 mpaka 22, kioo ni 70. Hata singa ikishika vizuri namna gani haiwi kioo. Inachokizidi kioo ni wepesi, uzito wake ni kama gramu 1.45 kwa sentimita moja ya ujazo wakati kioo ni 2.5 na kitu. Lakini kava la mlango halivutwi, linakunjwa, na kwenye kukunjwa unene ndo mfalme, ugumu unapanda kwa kipeo cha tatu. Ukitoka milimita 3 ukaenda 4 umepata zaidi ya mara mbili. Kwaiyo kava la singa nene kidogo linaweza kusimama sawa na la kioo, ila ule uzito wanaosema utauokoa sehemu kubwa utaurudisha kwenye unene. Faida yako itakuwa bei na afya ya ngozi, siyo uzito, hilo ulijue mapema.

boti_sahare

Mkemia yuko sawa ila ameongea yote bila kugusa rola. Mimi natengeneza boti za fiba huku Sahare, nimecheza na singa kwa ajili ya vifuniko vya maboksi ya samaki, nikupe ya mikononi.

Singa zinasimama. Mati ya kioo ukiilowesha inalala, singa inakaa imevimba na hewa ndani, ukipiga rola inashuka ukiondoa inainuka, mwisho unamwaga rezini ndoo nzima kujaza mapengo na kava lako linakuwa rezini tupu yenye singa chache. Kwa mkono tu ni ngumu singa kuvuka robo ya uzito wa kitu kizima. Lazima ubane. Tengeneza moldi ya juu na ya chini uzikaze kwa klampu, au kama umbo ni la kubonyea tumia karatasi ya nailoni, ziba pembeni kwa gundi ya utepe, vuta hewa na kompresa ya friji bovu uliyoigeuza. Hiyo kompresa inavuta vizuri tu, ila weka chupa katikati ya njia isije ikanywa rezini.

Pili, usitawanye tu ovyo. Angalia kava lako linakunjikia wapi. Dashibodi ya bajaji inalegea kati ya skrubu mbili za pembeni, basi laza singa ndefu ndefu zikitoka skrubu hadi skrubu, juu yake ndo utawanye fupi za sentimita 3 mpaka 5 za kuziba. Singa iliyolala kwenye njia ya mzigo inafanya kazi, iliyokatiza inasindikiza tu.

Na kwa vitu vya nje kama madigadi, weka ngozi moja nyembamba ya mati ya kioo nje na nyingine ndani, singa ikae katikati. Nje ndo panapopata mvutano mkubwa ukikunja, na kioo kinazuia maji. Utakuwa umepunguza kioo hukukimaliza, lakini kitu kitaishi. Halafu kingo! Ukishakata na grainda, mdomo wa kila singa uko wazi, maji yanapanda humo. Paka kingo zote na tundu zote za skrubu rezini ya pili kabla ya kufunga. Nina uhakika kava lako la vuli lilianzia kuvimba kwenye tundu.

Kingine, kama rezini yako haijatiwa kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) kiwandani ukawa unatia mwenyewe, tia kobalti kwanza, koroga, ndo hadina ifuate. Usikutanishe hizo mbili zenyewe kwa zenyewe, zinalipuka.

fundi_gofu

Aisee nimepata darasa. Mzee shikamoo, kumbe gunia lilikuwa na mafuta, na mi nikawa namlaumu muuza rezini bure.

Mkemia swali dogo, nina sufuria lile kubwa la shughuli, la alumini, linaingia maji mengi tu, naweza kulowekea humo? Na lile la kioo na singa kwa pamoja boti_sahare nitajuaje kama limeshika bila kupeleka maabara?

kemia_chumbageni

HAPANA. Kostiki inakula alumini, itachemka yenyewe na kutoa gesi ya haidrojeni ambayo inashika moto, na sufuria la watu litatoboka. Tumia pipa au ndoo ya plastiki. Weka maji kwanza, kostiki uitie kidogokidogo ukikoroga na mti, usigeuze ukamwaga maji juu ya kostiki inakurukia usoni. Glavu ndefu, miwani ya kufunika, fanyia nje penye hewa. Ikikugusa osha maji mengi muda mrefu, siyo kupaka mafuta. Na maji yake ya kulowekea usiyamwage mtaroni yakiwa makali.

boti_sahare

Kupima ni rahisi. Kata vipande vyenye upana mmoja na unene mmoja, vya kioo, vya singa ya gunia, vya singa uliyoosha kostiki. Laza kipande juu ya tofali mbili, umbali usibadilike, ning'iniza ndoo katikati, mimina maji kwa jagi la lita, lita moja ni kilo moja. Pima kwa rula kimebonyea kiasi gani kwa kila lita na andika kilivunjikia lita ya ngapi. Af, hii ndo watu wanairuka, chukua vipande vingine vya aina hizohizo vizamishe kwenye maji usiku kucha urudie. Kipimo cha kikavu kitakudanganya. Na ukivunja, angalia pale mdomoni, ukiona singa zimekatika fupi fupi na zimebaki na rezini imezigandia, hapo umeshinda. Ukiona matundu, rudi kwenye ndoo ya kostiki.

dereva_kange

Nisomeeni na mimi mtu wa stendi. Hayo mnayoongea ya nguvu ni sawa, ila mimi naendesha Coaster, bampa la mkonge mtanifungia mimi? Nikigongwa je? Na moto je, singa si zinawaka? Isije ikawa mnatengeneza kibiriti cha kubebea abiria.

kemia_chumbageni

Swali la maana. Bampa achana nalo, na kitu chochote kinachobeba mtu, kinachoshika breki au usukani, au kinachokaa karibu na ekzosi. Singa zinaanza kuungua na kupoteza nguvu ukivuka nyuzi 200. Eneo lake ni paneli za ndani ya mlango, dari, sehemu ya nyuma ya siti, dashibodi, kava la tairi la spea. Na huko siyo majaribio. Mercedes-Benz walishaweka mkonge pamoja na kitani kwenye paneli za milango ya E-Class, na Trabant ya Ujerumani Mashariki ilitembea tangu 1957 na bodi ya nje iliyotengenezwa kwa nyuzi za pamba zilizogandishwa na rezini ya finoli. BMW i3 paneli zake za milango zilikuwa na nyuzi za mmea uitwao kenafu. Wao mara nyingi hawatumii poliesta, wanachanganya nyuzi na polipropilini kama blanketi, wanapasha af wanabana kwenye presi, kwa sababu plastiki hiyo inayeyuka kwenye nyuzi 165 hivi, chini ya pale singa inapoanza kuungua. Humo wanatia na polipropilini kidogo iliyounganishwa na maleiki anhidridi, asilimia 2 mpaka 5, ndo inayofanya kazi ya kushikisha. Viti vingi vya plastiki vilivyovunjika na ndoo nyingi za majumbani ni polipropilini hiyohiyo, fundi siku ukipata presi ya moto tuongee.

Moto: ndio zinawaka, na poliesta yenyewe inawaka pia hata ukiweka kioo, hilo watu husahau. Unaweza kutia kwenye rezini unga wa haidroksaidi ya alumini, ukipata joto unatoa maji na kupunguza kasi ya moto, ila rezini inakuwa nzito kupaka. Kanuni ya Marekani ya vitu vya ndani ya gari inataka moto usitembee zaidi ya milimita 102 kwa dakika kipande kikiwa kimelala. Hiyo hata fundi anaweza kuijaribu uani, anachora mistari miwili kwenye kipande, anawasha ncha, anashika saa.

bi_mlingotini

Kaka zangu wa Tanga mnajisifia mkonge tu. Huku Bagamoyo tuna makumbi ya nazi yanaoza pembeni ya kila nyumba. Usumba, yani nyuzi za hayo makumbi, ukiuvuta hauna nguvu ya singa, hauifikii hata nusu, lakini unanyumbulika sana kabla ya kukatika, na kwa pale panapogongwagongwa huo mnyumbuliko unafaa. Fundi ukichanganya usumba kidogo na singa kwenye kava la mlango ambalo kila abiria analipiga teke, halitapasuka upesi. Na Brazili waliufanya na utomvu wa mpira kuwa mito ya siti na ya kuegemea kichwa kwenye magari ya Mercedes-Benz, sponji ya kiti inakaa unyevu, usumba unapitisha hewa. Mimi nashona siti za bajaji, anayetaka kujaribu aje na makumbi yake, ya kuloweka yapo mengi.

Ila na usumba nao uoshwe. Ule uliolowekwa pwani una chumvi, na chumvi inavuta maji mpaka kesho.

mzee_wa_korona

Bibie amesema kweli kuhusu chumvi.

Kijana, jambo la mwisho la manunuzi. Usiulize bei ya robota, robota moja ni kilo 250, utalala nalo wapi. Waambie unataka za kupima kwa kilo, daraja lililopita brashi, na uende asubuhi kabla hazijafungwa. Beba mfuko mkavu wa nailoni, ufunge mdomo hapohapo, usizirushe nyuma ya bodaboda zikapigwa na umande wa Muheza njia nzima.

fundi_gofu

Nimekupata mzee. Jumamosi naenda. Nitaanza na dashibodi, madigadi yasubiri mpaka nipate kompresa. Boti_sahare, hiyo ya friji bovu unauza au ndo unatamanisha tu?

boti_sahare

Njoo na mafuta yake ya kubadilisha tu, uichukue. Ikinywa rezini usinirudishie.